Tiketi Yako Iende kwa Hadithi Mpya

Siku utakapokuwa na fedha ya tiketi moja tu, au kifurushi kinachotosha kutazama filamu moja tu kwenye simu, nakuomba uitumie kwa hadithi ambayo hujawahi kuisikia. Nakuomba hivyo hata kama mlangoni pa ukumbi limebandikwa bango kubwa la filamu uliyoipenda miaka mitatu iliyopita, sasa likiwa na namba 2 mbele ya jina. Najua ombi hili si jepesi. Steringi tumeshamzoea, adui tunamjua, muziki wake tunauimba njiani, na watoto nyumbani wameshaanza kuulizia. Lakini wengi wetu tumetoka ukumbini mara nyingi tukisema maneno yaleyale, kwamba ile ya kwanza ilikuwa kali na hii wameiharibu, kisha miaka miwili baadaye tumerudi kupanga foleni ya namba 3. Foleni hiyo ni sehemu ya tatizo, na ndiyo sehemu pekee iliyo mikononi mwetu watazamaji.

Nianze na papa, kwa sababu kisa chake kinaonyesha karibu kila kitu.

Mwaka 1974 Steven Spielberg, akiwa na umri wa miaka 27, alipeleka kamera kisiwani Martha's Vineyard, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, kutengeneza filamu ya Jaws kutokana na riwaya ya Peter Benchley. Ratiba ilisema siku 55 za kupiga picha. Zikawa 159. Bajeti ya takriban dola milioni 4 ikapanda hadi karibu milioni 9. Kiini cha balaa hilo kilikuwa papa mwenyewe, papa wa mashine ambaye watu wa kazini walimpa jina la Bruce. Hakuwa amejaribiwa baharini. Maji ya chumvi yakaingia kwenye mitambo, akawa anazama, anakwama, anagoma, na siku zinapita watu wamekaa kwenye maboti wakisubiri fundi.

Kijana yule akalazimika kusimulia habari za papa bila papa. Kamera ikashuka chini ya maji na kutazama miguu ya waogeleaji. Mapipa ya njano yaliyofungwa kwa kamba yakawa yanakatiza juu ya bahari, nasi tukajua nani anayavuta. John Williams akatunga muziki unaoanza kwa noti mbili tu, na kila ziliposikika mtu akiwa ndani ya maji, ukumbi mzima ulikaza mikono kwenye viti. Saa nzima na zaidi hupita kabla mtazamaji hajamwona mnyama yule waziwazi. Anayeishi Tanga, Lamu au Pemba anajua kuwa bahari hutisha zaidi pale inapotulia na usijue kilicho chini, na filamu ile ilisimama juu ya hofu hiyo. Ilipotoka Juni 1975 ikavunja rekodi za mapato za wakati wake, ikapata Oscar 3, ile ya uhariri ikienda kwa mama mmoja hodari, Verna Fields. Tena ikaisha. Papa akafa, na wanaume wawili waliobaki wakaogelea kurudi pwani. Hakuna swali lililobaki likidai jibu.

Studio ya Universal ilikuwa na swali lake: je, fedha zile zinaweza kurudi tena?

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Katika kisa hiki haikuwa hivyo. Mgema mwenyewe alikataa kupanda mnazi mara ya pili, na wenye duka wakampandisha mwingine, kwa sababu wateja walikuwa wameshapanga mstari na vibuyu mkononi. Spielberg hakuongoza Jaws 2. Roy Scheider, aliyecheza mkuu wa polisi, alirudi kwa sababu mkataba wake na studio ulimdai. Mwongozaji wa kwanza, John Hancock, aliondolewa kazi ikiwa imeshaanza, akaingia Jeannot Szwarc. Papa sasa anaonekana mapema na mara nyingi, kwani kila mtu ameshamwona. Hata hivyo filamu ya mwaka 1978 iliingiza fedha nyingi sana, na kwa hiyo ikaja ya tatu mwaka 1983, ya kutazamwa kwa miwani ya 3D, papa akiwa ndani ya bustani ya maonyesho ya bahari huko Florida. Mwaka 1987 ikaja ya nne. Picha zake zilianza kupigwa Februari, na Julai mwaka uleule ilikuwa majumbani mwa sinema. Humo papa anaifuata familia ya yule mkuu wa polisi kutoka New England hadi Bahamas, kana kwamba ana kisasi. Michael Caine, mwigizaji mkubwa wa Uingereza, alishinda Oscar mwezi Machi mwaka huo kwa filamu nyingine na hakuweza kwenda kuipokea kwa sababu alikuwa kazini kwenye filamu hii ya papa.

Tazama kilichopotea njiani. Filamu ya kwanza ilipata muda mwingi kupita ulivyopangwa, ya nne ikatengenezwa kwa haraka ili iwahi msimu wa joto. Ya kwanza ilificha kwa sababu haikuwa na njia nyingine, na zilizofuata zilionyesha kwa sababu kuonyesha ndiko kulikokuwa kumeahidiwa kwenye bango. Ya kwanza ilikuwa ya kijana ambaye kazi yake yote ilikuwa hatarini. Zilizofuata zilikuwa za ofisi ambayo haikuona hatari yoyote, maana jina lilikuwa limeshauzika.

Huo ndio ugonjwa mkubwa wa filamu nyingi za mwendelezo: huuzwa kabla hazijaandikwa. Tarehe ya kutoka hutangazwa, bango huchorwa, mikataba ya matangazo husainiwa, halafu mwandishi huitwa na kuambiwa atafute cha kujaza ndani. Hadithi ya kwanza, kwa kawaida, huanza upande wa pili. Kuna mtu amekaa na jambo moyoni miaka kadhaa, ameandika na kufuta, amekataliwa na watayarishaji, na katika kukataliwa huko hadithi imechujwa. Anapopata nafasi anaweka kila alichonacho, kwa kuwa hajui kama ataitwa tena. Ya pili hana tena akiba ile, na hapewi miaka ya kuijaza upya.

Kuna sababu nyingine ambayo haina mkosaji, nami ningependa tuielewe ili tusiwaonee watengenezaji. Mwaka 1886 Mwingereza Francis Galton alichapisha uchunguzi wake kuhusu urefu wa wazazi na watoto wao. Aliona kwamba wazazi warefu kupita kiasi huzaa watoto warefu, lakini kwa wastani watoto hao si warefu kama wao, husogea kidogo kuelekea urefu wa watu wa kawaida. Jambo lolote lililotokea kwa kipimo cha juu sana lina sehemu ya uwezo na sehemu ya bahati, na bahati hairithiwi. Sasa fikiria ni filamu zipi hupata mwendelezo. Filamu ya wastani, iliyotazamwa na kusahaulika, hakuna anayeiandikia namba 2. Huchaguliwa zile zilizopaa, zile ambazo mwongozaji, waigizaji, muziki, wakati na hata kuharibika kwa mashine vilikutana vikafanya kitu ambacho hakuna aliyeweza kukipanga. Kuitarajia ya pili ifike hapo ni kutarajia bahati ileile ije mara mbili kwa ratiba. Hata watu wakifanya kazi kwa moyo wote, mara nyingi itashuka kidogo. Kwa hiyo tunapokaa kitini tukiwa tumebeba kumbukumbu ya ile ya kwanza, tumeshaipa ya pili mzigo ambao ni chache zinazoweza kuubeba.

Lakini kushuka kidogo si sawa na kutojali.

Mwaka 1994 ilitoka Speed, filamu ya basi ambalo likipunguza mwendo chini ya maili 50 kwa saa, yaani kama kilomita 80, bomu linalipuka. Wazo hilo mtu analielewa kwa sentensi moja, na yeyote aliyewahi kupanda basi la mkoani dereva akiwa na haraka anajua jinsi mwili unavyolipokea. Iligharimu kama dola milioni 30. Mwaka 1997 mwongozaji yuleyule, Jan de Bont, akaletewa zaidi ya milioni 100 atengeneze ya pili. Nyota wa ile ya kwanza, Keanu Reeves, alikataa kurudi, lakini mwenzake Sandra Bullock akarudi. Na basi likageuka meli ya watalii. Meli! Chombo kinachotembea polepole katikati ya maji mapana, kwenye filamu ambayo jina lake ni mwendo. Fedha ziliongezeka zaidi ya mara tatu, na kitu kimoja kilichokuwa moyo wa filamu kikaachwa gatini.

Kinachoniuma zaidi ni pale jambo hili linapowafikia watoto. Baada ya Aladdin ya mwaka 1992, Disney ilitoa The Return of Jafar mwaka 1994, moja kwa moja kwenye kanda za video bila kupita majumba ya sinema. Ilitengenezwa kwa gharama ndogo, sauti ya Robin Williams aliyempa uhai jini wa taa haikuwepo, na bado kanda ziliuzwa kwa mamilioni. Mlango ukafunguka. The Lion King, filamu ambayo majina yake ya Simba na Rafiki yametoka kwetu, ikapata ya pili ya video mwaka 1998. Cinderella akapata ya pili mwaka 2002. Bambi, wa mwaka 1942, akapata yake mwaka 2006, miaka 64 baadaye. Baada ya Disney kuinunua studio ya Pixar mwaka huohuo wa 2006, uongozi mpya wa katuni uliukata mkondo ule. Wazazi wengi wa umri wangu walinunua kanda hizo kwa mapenzi, wakiamini wanawapa watoto zaidi ya kile walichokipenda. Mtoto hana kinga dhidi ya jina. Anamwamini Simba kama anavyomwamini mjomba, na anayetumia imani hiyo kuuza kazi ya haraka anachukua kitu ambacho mtoto hakujua kuwa anakitoa.

Na fedha? Fedha bado zinaingia, tena kuliko zamani. Mwaka 2024 filamu 4 zilizoongoza kwa mapato duniani zote zilikuwa za mwendelezo: Inside Out 2, Deadpool & Wolverine, Moana 2 na Despicable Me 4. Ya kwanza peke yake ilikaribia dola bilioni 1.7. Moana 2 ilikuwa imepangwa kuwa tamthilia ya mfululizo kwa ajili ya jukwaa la mtandaoni la Disney. Mapema mwaka 2024 ikatangazwa kuwa filamu ya ukumbini, Novemba ikatoka, ikapita dola bilioni moja. Nisieleweke vibaya, baadhi ya filamu hizo zina kazi nzuri ndani yake, na Inside Out 2 inazungumza na wasichana wanaobalehe kwa upole ambao wazazi wengi tungepaswa kujifunza. Ninachosema ni kwamba mtu mwenye hadithi mpya akiingia kwenye ofisi ya watayarishaji leo, namba hizo ndizo zimebandikwa ukutani nyuma ya meza. Namba hizo tumeziandika sisi.

Zipo za pili zilizofaulu, na ukizichunguza utaona hazikufanya kile ambacho wauzaji hupenda. The Godfather Part II ya mwaka 1974 ilikuwa filamu ya kwanza ya mwendelezo kupata Oscar ya filamu bora. Francis Ford Coppola hakuitaka kazi ile mwanzoni, hata alimpendekeza Martin Scorsese badala yake. Alikubali alipopewa uhuru wa kuifanya anavyoona. Ndani ya riwaya ya Mario Puzo kulikuwa na sehemu kubwa ambayo filamu ya kwanza haikuigusa, ujana wa Vito Corleone tangu alipotoroka Sicily akiwa mtoto hadi alipojijenga New York. Coppola akaiweka sambamba na maisha ya mwanawe Michael, baba akijenga familia, mwana akiibomoa. Ukimaliza kuitazama, ile ya kwanza nayo imebadilika, unamwona Vito wa Marlon Brando pale kitini na unajua alikotoka. Miaka 16 baadaye, akiwa na mzigo wa madeni baada ya filamu yake nyingine kushindwa, Coppola alirudi kutengeneza ya tatu. Robert Duvall hakukubaliana na malipo akabaki nje. Ya tatu si filamu mbaya. Lakini mbili za kwanza zilikuwa zimeshasema lililokuwa la kusemwa kuhusu familia ile, nayo ikabaki kulikariri kwa sauti ya chini.

James Cameron naye alisubiri miaka 7 kati ya The Terminator ya mwaka 1984 na ya pili ya mwaka 1991. Mashine iliyokuja kuua katika ya kwanza, katika ya pili imekuja kulinda mtoto. Badiliko hilo moja liligeuza hadithi nzima, ikawa sasa inauliza kama kitu kilichoundwa kwa ajili ya kuua kinaweza kufundishwa kuthamini uhai. Vijana wa kwetu waliitazama kwenye mabanda ya video bila kuelewa nusu ya Kiingereza chake, na bado walilia mashine iliposhuka ndani ya chuma kinachochemka.

Halafu kuna Wakanda. Black Panther ilipotoka Februari 2018, Kisumu ilifanya sherehe ya uzinduzi kwa ajili ya binti wa nyumbani, Lupita Nyong'o. Agosti 2020 Chadwick Boseman, mfalme wa filamu ile, akafariki kwa saratani akiwa na umri wa miaka 43. Mwongozaji Ryan Coogler na wenzake wangeweza kumtafuta mwigizaji mwingine, avae vazi lilelile, safari iendelee. Hawakufanya hivyo. Wakanda Forever ya mwaka 2022 inaanza na msiba na inakaa msibani muda mrefu. Wapo walioiona nzito na ndefu, na kwa kipimo cha msisimko haiifikii ya kwanza. Mimi naiheshimu kuliko filamu nyingi za pili zilizofaulu, kwa sababu ilikuwa na jambo la kusema ambalo ya kwanza isingeweza kulisema. Mtu aliyefiwa anaweza kukaa mbele yake na kupumua.

Kwa hiyo swali la kumuuliza rafiki aliyetangulia kuitazama namba 2 ni moja: je, wana jambo jipya la kusema, au wana jina tu? Uliza kabla ya kulipa. Wiki moja ya kusubiri haitakupunguzia kitu, na kwa wauzaji wiki ya kwanza ndiyo wanayoitazama kuliko zote, kwa kuwa watu wa wiki hiyo hulipa kabla hawajasikia habari yoyote kutoka kwa waliotazama.

Sasa tuje nyumbani, maana sisi pia tunao ugonjwa wa namba 2, na wa kwetu ni wa aina nyingine. Nigeria ilipoanza biashara yake kubwa ya filamu za kanda, Living in Bondage ya mwaka 1992 ilifuatiwa na sehemu ya pili mwaka 1993, na mtindo huo ukasambaa hadi kwetu. Katika miaka ambayo filamu za Kibongo ziliuzwa kwa diski, tulizoea kununua sehemu ya kwanza, kufika mahali binti anaanguka mlangoni au siri inataka kufichuka, na maandishi kujaa kwenye kioo yakitutaka tukanunue sehemu ya pili. Hiyo haikuwa hadithi iliyofunguliwa upya baada ya kuisha. Ilikuwa hadithi moja iliyokatwa katikati ili ilipiwe mara mbili, na ili itoshe diski mbili ilibidi inyooshwe: gari linaingia getini, mlinzi anafungua taratibu, mtu anashuka, anatembea hadi sebuleni, salamu ndefu, soda inaletwa. Waigizaji wetu walikuwa na vipaji, hilo halina ubishi. Ratiba ya kupiga picha siku chache tu na kuuza mara mbili haikuwapa nafasi.

Watazamaji wakachoka, wakarudi kwenye tamthilia za nje zilizotiwa Kiswahili. Soko la diski likafa kwa sababu nyingi, uharamia ukiwa mkubwa kati yake, lakini na uchovu ule ulikuwamo. Wakati huohuo mabanda ya video yalikuwa yanatufundisha jambo lingine. Watafsiri kama Lufufu kwa Tanzania na DJ Afro kwa Kenya walichukua filamu ya kigeni, wakakaa juu yake na kusimulia kwa lugha yetu, wakiongeza vituko, wakimpa adui jina la mtaani. Watu walijaa kwenye mabenchi kwa ajili ya masimulizi. Hadhira inayothamini namna hiyo ya kusimulia ni hadhira inayostahili hadithi mpya.

Wazee wetu walikuwa na tabia ambayo ningependa tuirudie. Katika majumba ya sinema ya Zanzibar na Dar es Salaam, miaka ya 1950 na 1960, filamu za Kihindi kama Awara ya Raj Kapoor ya mwaka 1951 na Mother India ya mwaka 1957 zilipendwa kiasi kwamba watu walilipa kuzitazama tena na tena. Walizijua nyimbo zake bila kujua Kihindi. Walikwenda familia nzima Jumapili, wakatoka wakijadili iwapo mama wa Mother India alitenda haki kumpiga risasi mwanawe. Walipotaka zaidi, waliirudia ileile, na kila waliporudi waliona kitu ambacho hawakukiona mara ya kwanza. Hawakuwa na haja ya kumfufua marehemu ili wapate raha ya pili.

Nawaomba wazazi na walezi: kabla hujampeleka mtoto kwenye namba 2, mkae naye mtazame tena namba 1. Mwulize ilimfurahisha wapi, na anadhani iliishaje. Mtoto anayejua kueleza kwa nini hadithi ilimgusa atakuwa mtazamaji mgumu kudanganywa, na huenda akawa mwandishi. Kisha mtafutie Supa Modo, filamu ya Likarion Wainaina kutoka Kenya ya mwaka 2018, juu ya msichana mgonjwa anayeota kuwa shujaa wa sinema, na kijiji kizima kinaungana kumtengenezea filamu yake. Mtalia, lakini mtaongea hadi usiku.

Nawaomba vijana mnaoandika na mnaoshika kamera: maliza hadithi yako. Usijiwekee akiba ya kuuza kesho. Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga ilitoka mwaka 2012 ikiwa kamili, ikawa filamu ya kwanza kupelekwa na Kenya kushindania Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilifika tamasha la Toronto mwaka 2021, nayo inaisimulia Zanzibar ya miaka ya 1950 bila kuacha mlango wazi kwa makusudi. Binti ya Seko Shamte, ya mwaka huohuo, ina hadithi za wanawake wanne wa Dar es Salaam na inamtosheleza kila mmoja wao. Rafu za riwaya zetu zimejaa hadithi ambazo hazijawahi kuona kamera. Mkiombwa mtengeneze ya pili, na siku hiyo itakuja, jiulizeni kama mhusika wenu ana swali jipya au ana madeni yenu tu. Mkiwa na swali, tengenezeni, nasi tutakuja.

Nawaomba wenye kumbi, wenye mabanda na wenye vituo vya televisheni: hadithi mpya ya hapa msiipe saa nane mchana siku ya Jumanne halafu mkasema haina watazamaji. Ipeni Ijumaa jioni walau wiki mbili. Habari njema ya filamu ndogo husafiri kwa mdomo, na mdomo huhitaji siku kadhaa kufika Mbagala na Eastleigh.

Na wewe msomaji, ambaye nimekuomba tiketi yako tangu mwanzo: tamasha la filamu la ZIFF limekuwa likifanyika Zanzibar tangu miaka ya 1990, na filamu nyingi za nyumbani huonyeshwa pale Ngome Kongwe kwa bei nafuu, huku zikiwa hazijapata ukumbi mahali pengine. Kama huwezi kufika Unguja, tafuta onyesho la chuo, la kituo cha utamaduni au la mtaani kwako. Chagua filamu moja ya kwanza ya mtu ambaye jina lake hulijui. Itazame hadi mwisho, soma majina ya walioifanya, na ikikugusa wapigie watu watatu simu usiku huohuo uwaambie ni wapi na lini itaonyeshwa tena.